Mdimu wa Bi Mwanamisi

Mgeni aliyenitembelea juzi hapa Mombasa aliniletea mdimu. Si ndimu za kununua kwa fungu, mdimu wenyewe, mti wa kunifika kiunoni, umepandwa kwenye ndoo nyekundu ya plastiki, na kando ya shina umechomekwa kikaratasi. Mjukuu wangu Zuhura alikisoma kwa sauti: mwagilia mara mbili kwa wiki. Nikamwuliza, wiki ya mwezi gani? Akacheka, "Bibi nawe, wiki si wiki tu?" Si wiki tu. Wiki ya kaskazi na wiki ya kusi hazifanani hata kidogo, na aliyeandika kikaratasi kile ama hajawahi kuua mti, ama ameua mingi na hakujali. Mimi nimeona kwa macho yangu mdimu ukiuawa kwa maji, na aliyeuacha uuawe ni mtu aliyeupenda kuliko alivyonipenda mimi, na lawama yote nikabebeshwa mimi. Mgeni alipomaliza kusema alichokuja kusema, kikombe chake cha chai bado kimejaa, nilibaki nikiutazama mti wake kama mtu aliyepigwa kofi. Na kofi nalijua. La mwaka ule lingali hapa, shavu la kushoto, nitalieleza likifika zamu yake.

Niliingia nyumba ya Bi Mwanamisi, mama mzazi wa mume wangu, siku za kaskazi, nikitoka kwetu kisiwa cha Chula na sanduku moja la mbao. Ilikuwa nyumba ya mawe, mtaa wa karibu na bandari ya Kismayo: vyumba viwili, ua katikati, ngazi ya kupandia darini, na chini ya ngazi stoo ya makaa na nyavu kuukuu. Stoo ilikuwa na kidirisha kimoja cha nondo, usawa wa kifua changu, kinatazama uani. Chini ya kidirisha hicho ndipo ulipokaa mtungi mkubwa uliovunjika shingo, na ndani ya mtungi ndimo ulimokuwa mdimu. Nilishangaa. Kwetu kisiwani mti uko ardhini, na maji ni ya watu. Kumwona mwanamke mzima ameuinamia mtungi, anachomeka kidole udongoni mpaka kifundo cha pili, kisha anakinusa kidole kama mtu anayechagua samaki, nikasema moyoni, leo nimeozwa kwa wagonjwa. Mama, ndivyo nilivyomwita, hakuniambia karibu. Aliniambia, "Mchula, njoo uone." Jina langu ni Esha, lakini mdomoni mwake nilikuwa Mchula tangu siku ile mpaka anakufa. "Mti huu haumwagiliwi," akasema. "Mti huu unatawadhiwa. Umefahamu?"

Sikufahamu, ila sikuthubutu kusema. Nikafahamu kwa kuona. Nyumba ile mtu hakutawadhia chooni. Ulisimama mbele ya mtungi na kopo lako, maji ya mikono na ya uso yakaanguka shinani, ya miguu ukayakinga kwa karai ukayamimina mumo humo. Maji ya kusukutua usiyateme humo, sabuni isikaribie. Na hesabu yake ilikwenda na pepo za mwaka. Kaskazi, jua linapochoma, udhu za alfajiri na za magharibi zote zilikuwa za mdimu, lakini ya adhuhuri marufuku, maana maji yakiingia kwenye udongo wenye moto yanapika mizizi. Masika hautawadhiwi hata tone. Kisima cha uani maji yake yalikuwa ya chumvi chumvi, na kwa muda wote wa kaskazi chumvi ile ilijikusanya mpaka mdomo wa mtungi ukawa na utando mweupe. Basi mvua ya kwanza ikinyesha, mimi na Mama tuliuburura mtungi mpaka chini ya mlizamu wa dari, maji ya mbingu yakaingia juu na kutokea tundu la chini, naye akichuruzisha vidole pale tunduni na kulamba. Akilamba na kutema. Akilamba na kutema. Mpaka alipolamba akameza, ndipo akasema, "Basi, umeoga." Mimi nimesimama mvuani nguo zimenigandama, namtazama mkwe wangu akinywa maji ya tope. Kisha kusi. Kusi ndiyo iliyokuwa mtihani. "Wakati wa kusi mti umelala," alinifundisha. "Unauacha mpaka kidole kitoke na vumbi. Hapo unaupa udhu moja, ya mtu mmoja, na unanyamaza. Wengi wanaua mti wakati wa kusi, kwa huruma. Wana kiu wao, wanadhani mti nao una kiu." Majani tukayafuta kwa kitambaa kibichi, maana upepo wa kusi unabeba chumvi ya bahari mpaka ndani ya nyumba. Vuli ikija unauamsha taratibu, kama mgonjwa anayeanzishwa uji.

Na mdimu ulilipa. Samaki wa nyumba ile hakuliwa bila ndimu, wala maharage, wala mchuzi wa papa mkavu, na jirani yetu Bi Rukia alikuwa hapitwi na siku bila kuingia na bakuli tupu. "Mwanamisi, shoga yangu, ndimu moja tu, naona haya." Hakuwa na haya hata chembe. Alikaa kwenye kigoda, akala alichokikuta, akasema ya mtaa mzima. Yeye ndiye aliyetupa habari kwamba serikali imeanguka Mogadishu, huku akikamua ndimu yetu juu ya samaki wetu. Yeye ndiye aliyesema wenye bunduki wameshafika kwenye daraja, wameshafika sokoni, na siku moja hakusema kitu, alionyesha kwa kidevu tu, maana walikuwa wameshaingia nyumba ya ghorofa iliyotukabili na wanang'oa milango ya watu kuifanya kuni za chai. Mume wangu alikuwa baharini wakati ule, chombo chao kikazuilika Mombasa. Nyumbani tulibaki wanawake wawili. Nalitaja hilo ili lisisahaulike: wawili tu.

Mtaani kwetu alikuwako fundi wa kushona, Msomali, jina lake Nuur, aliyewashonea wanaume kanzu na suruali. Alikuwa wa kabila ambalo mwezi ule liliwindwa. Mwezi mwingine likawa ndilo linalowinda. Sikulielewa jambo hilo wakati ule na leo ni bibi bado silielewi. Bi Rukia alikuja na bakuli lake akasema duka la Fundi Nuur limevunjwa, cherehani imebebwa kwa mkokoteni, na mwenyewe amekwisha. "Amekwisha vipi?" nikauliza. "Amekwisha, bi arusi. Watu wanakwishaje?" Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Chukua ndimu mbili leo, Rukia," na mimi nikashangaa, maana mbili hakuwahi kutoa.

Kusi ikaingia. Asubuhi moja nilichomeka kidole kwenye mtungi kama nilivyofundishwa, nikitarajia vumbi, kidole kikatoka na tope. Nilidhani ni umande. Kesho yake tope. Majani ya chini yakaanza kugeuka manjano, moja moja, kisha kwa mafungu, yakadondoka bila upepo. Nilikwenda kumwambia Mama mwenyewe, kwa hiari yangu, na hapo ndipo nilipopata mshtuko wangu wa kwanza. Alinigeukia mbele ya Bi Rukia, akapaza sauti ambayo sikujua kuwa anayo. "Unaniulia mti wangu! Nimekufundisha kwa kinywa changu, nimekufundisha kwa kidole changu, bado unamwaga! Huko kwenu mna bahari pande zote ndiyo maana hamjui kipimo cha maji!" Nikaapa. Wallahi sikumwaga. "Basi nani? Tuko wangapi humu? Mimi na wewe. Ni mimi?" Bi Rukia akatikisa kichwa, "Lo, bi arusi. Kiri tu yaishe." Sikukiri. Nilikuwa na miaka ya kiburi, na kwetu tulilelewa kwamba usichokitenda hukikiri hata ukichinjwa.

Tangu siku ile huo ukawa ndio wimbo wa nyumba. Kila Bi Rukia akitia mguu, Mama alianza. Alisimama uani kabisa, pale sauti inapopanda mpaka kwenye ghorofa, akanitaja mimi, na mama yangu, na kisiwa kizima. Wale wenye bunduki walikaa barazani kwao na mashada ya mirungi, wakatusikiliza kama redio. Nikipita uchochoroni kwenda kununua maji matamu yanayoletwa kwa punda, wananiita, "Bi Maji! Umeuzamisha leo?" Jambo moja silisahau. Nilikuwa kwenye siku zangu, wiki ile siswali, kwa hiyo hata sikuukaribia mtungi. Nikasema moyoni, leo haki yangu imetoka, udongo ukiwa mbichi wiki hii itajulikana si mimi. Ulikuwa mbichi. Nikamwambia Mama kwa faragha, kwa heshima, "Mama, wiki hii sitawadhi, unajua mwenyewe." Akasubiri mpaka Bi Rukia alipoketi vizuri, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Shoga, uliona wapi? Wiki hii huyu haswali, yumo kwenye siku zake, na bado anamwaga! Maji safi yanapotea bure!" Siku zangu, zikatangazwa mpaka kwa wanaume wa bunduki. Usiku ule sikula. Alinisukumia sahani, akasema, "Kula, Mchula," kama mtu asiyefanya kitu.

Nikaamua kumkamata mwizi wa jina langu. Mchana, baada ya chakula, Mama hulala chumbani kwake na mtaa wote hunyamaza kwa joto. Nikalaza mkeka mlangoni mwa chumba changu, nikajifunika leso usoni, nikaacha tundu la jicho. Nzi wakanitambaa sikusogea. Basi nikaona nondo za kile kidirisha cha stoo zikipitisha mkono. Mkono wa mtu, mtupu mpaka kwenye kiwiko, umeshika bakuli letu la bati lenye ua la buluu, ukaliinamisha taratibu, taratibu sana, maji yakatiririka shinani pasipo sauti, ukalikung'uta tone la mwisho, ukarudi ndani. Nilisema ni jini. Nani mwingine anaishi kwenye makaa? Nikajiburura kwa magoti mpaka kitandani kwa Mama. "Mama. Mama. Kuna mkono stooni." Alifumbua macho papo hapo, hakuwa amelala. "Umeuona?" "Nimeuona." "Wa kulia au wa kushoto?" Nilidhani amerukwa na akili. "Wa kulia, Mama." "Basi ni Mwislamu," akasema, akageukia ukutani. "Mwache."

Nilikaa sakafuni pale, na vitu vikaanza kujipanga kimoja kimoja. Kichwa cha samaki ambacho kila siku hakionekani kwenye sinia, na mimi nikidhani paka. Ufunguo wa stoo uliohamia shingoni kwa Mama. Leso yangu iliyochakaa upindo, niliyoianua juzi kwenye kamba nikaukuta upindo umeshonwa upya kwa mkono, kushona kwa karibu karibu na kwa kunyooka, sindano ambayo si ya mwanamke yeyote niliyemjua. Nilikwenda nikaichukua leso ile, nikaupitisha ule upindo vidoleni. Fundi Nuur hakuwa amekwisha. Alikuwa hatua chache kutoka kwenye mkeka wangu, gizani, juu ya makaa, na akishona leso yangu. Nikaelewa na maji. Choo chetu kilikuwa ng'ambo ya ua, mahali ambapo mtu wa kwenye ghorofa akiinama anaona, na mfereji wake ulitokea uchochoroni, pale pale miguuni mwa wale wanaume. Haja za Fundi, Mama alizitoa mwenyewe kwa ndoo, zimefunikwa takataka. Lakini mtu anayetawadha mara tano, maji yake utayamwaga wapi pasionekane? Pale penye udongo. Mdimu ulikuwa unayanywa, na kwa kuyanywa ulikuwa unakufa.

Nilidhani sasa matusi yatakwisha. Ameshajua kwamba nimejua. Kesho yake Bi Rukia aliingia na bakuli, na Mama akaanza upya, mara mbili ya zamani. Hili ndilo lililonishtua kuliko mkono. Mkono ulikuwa na sababu. Mtu anajua si wewe, anajua unajua, na anakutazama machoni akikuita muuaji wa miti, mwana asiyelelewa, huyo ana sababu gani? Nilimtazama, macho yake hayakupepesa. Nikaapa palepale kwa Mungu kwamba sikumwaga, kwa hasira ya kweli, sauti inakatika, na Bi Rukia akasema, "Lo, huyu atakufa na uongo wake." Siku ile nilianza kumchukia mama wa mume wangu, na niliifanya kazi hiyo kwa bidii.

Walikuja asubuhi, mwanga umejaa, nimekaa nakuna nazi. Hawakubisha. Walikuwa watano, na nyuma yao Bi Rukia na bakuli lake, amewafuata kuona. Walisema wanapekua mtaa mzima, kuna mtu wanamtafuta. Waliingia vyumbani, wakapindua magodoro, wakamwaga sanduku langu la mbao chini, wakacheka nguo zangu. Mmoja alikwenda darini. Na mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za kijivu, alisimama mbele ya mdimu. Baadaye nilisikia wakimtania kwamba alikuwa mkulima wa kando ya mto kabla ya kushika bunduki. Alichuma jani la manjano akalikunja. Kisha, Mungu shahidi yangu, akachomeka kidole udongoni mpaka kifundo cha pili, akakitoa, akakinusa. Sikuwahi kumwona mtu mwingine akifanya vile. "Eeddo," akamwambia Mama, kwa Kisomali, kwa heshima kama kwa shangazi yake. "Mti huu umezamishwa. Upepo huu mti haupewi maji. Nyumba ya wanawake wawili, maji haya yote ni ya nani?" Alisimama kidirisha kikiwa begani pake. Angegeuza shingo angetazamana na makaa.

Mama alifungua kinywa. Nilisubiri tusi, maana ndilo lililokuwa likimtoka kila siku bila kuitwa. Hakikutoka kitu. Midomo yake ilikuwa imekauka nyeupe, na mkono ulikuwa umekwenda shingoni kwenye ufunguo. Bi Rukia ndiye aliyesema, Mungu amsamehe na amlipe. "Maji ni ya huyu bi arusi! Mtaa mzima unajua. Kila siku wanagombana, kila siku anaapa si yeye." Wale vijana wakacheka, "Ee, ni Bi Maji!" Lakini mkulima hakucheka. Alinitazama mimi. "Ni kweli, dada? Ni wewe?" Miezi yote ile jibu langu lilikuwa moja, wameshalizoea, nimeapa nalo hadi nimekauka koo. Nilikuwa na kifuu cha nazi mkononi. Nikasema, "Ni mimi." Akasema, "Mbona unakataa kila siku?" "Nakataa ili nimuudhi." "Na mti umekukosea nini?" Nikamwonyesha Mama kwa kifuu. "Ni wake. Anaupenda kuliko mtoto wake. Namchukia, basi nauua mti wake, nauua kila siku, na nikimaliza huu atafute mwingine." Sikulazimika kubuni. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, yalikuwa yakingoja mlango tu.

Mama alivuka ua akanipiga kofi. Halikuwa kofi la kuigiza. Jicho liliona nyota na kifuu kikaruka mpaka ngazini. Wale wanaume wakaangua kicheko, mmoja akapiga makofi, aliyekuwa darini akateremka kuuliza amekosa nini. Mkulima akafuta kidole chake kwenye suruali, akasema, "Eeddo, mrudishe kwao huyu," nao wakatoka, wakijadiliana mke wa nani ana ulimi zaidi. Bi Rukia akachuma ndimu tatu mwenyewe, hakuombwa wala hakukatazwa, akaenda zake kueneza habari. Nilingoja Mama aseme neno. Aliokota kifuu, akakipuliza mchanga, akanirudishia mkononi. "Malizia nazi," akasema.

Ijumaa iliyofuata, wakati wanaume wamekwenda msikitini, nilikosa buibui langu, na nilikuwa nalo moja tu. Nikatoka uani kuuliza, nikaona Mama amesimama na mwanamke mrefu aliyejifunika gubigubi, kapu la samaki mkononi. Buibui langu lilimfika kwenye vifundo vya miguu, na pindo lake lilikuwa limeteremshwa kwa ule ushonaji wa karibu karibu. "Wewe leo hupo," Mama akaniambia. "Leo wewe ni huyu. Kaa chumbani mpaka nirudi." Wakatoka mlango wa mbele, mchana kweupe, na nikasikia kutoka barazani, "Bi Maji! Leo mmepatana?" na sauti ya Mama ikijibu, "Namrudisha kwao!" wakacheka. Alirudi alasiri peke yake, ana mchanga miguuni. Fundi alikwisha pokewa na ndugu yake Mama wa kisiwa cha Chovai, mwenye mashua. Hilo nililijua baadaye, kwa wengine. Yeye hakuniambia.

Mdimu haukupona. Tuliuacha ukauke, tukangoja vuli, Mama akikwaruza gome kwa ukucha kutafuta ubichi, na ukucha ukatoka na unga. Siku moja akaushika shina akavuta, ukang'oka wote kama jino bovu, mizizi myeusi, ukinuka. Nilidhani atalia. Aliukata vipande juu ya goti, akaupanga jikoni, akautia moto. Ndiyo chai ya mwisho tuliyokunywa Kismayo. Kaskazi ilipoanza kuvuma, na mtaa ukawa hauna mwenyewe, tulipata nafasi kwenye boti ya mashine pamoja na watu wengi kuliko mbao zake, tukashuka pwani ya Kenya, tukaingia kambini, na huko mume wangu akatupata. Maji ya kambi tuliyapigania kwa foleni. Mama aliishi miaka kadhaa. Alipokufa nilimwosha mimi, nikammiminia maji kulia na kushoto, nikaikuta mikono yake myepesi kama ya mtoto. Sikulia. Hakuniomba radhi wala hakunieleza, nami sikuuliza. Mpaka juzi ningeapa kwamba alinichukia, na kwamba nyumba ile mtu mwenye thamani alikuwa mti.

Mgeni wa juzi anaitwa Hodan. Ni mwanamke wa makamo, anakaa Ulaya, amekuja kuzika baba yake aliyekuwa Nairobi. Baba yake ni Fundi Nuur. Alimwachia usia amtafute bi arusi wa nyumba ya mdimu, na ampelekee mdimu. Alikaa hapa kwenye kochi, akasema kwa Kiswahili chake kizito kwamba baba yake alisikia kila tusi, kwa kidirisha, na kwamba mara ya kwanza alimsihi Bi Mwanamisi amwache yule mtoto. "Naye akamjibu," Hodan akasema, "nikimbembeleza Esha mbele ya watu, wataniuliza maji ni ya nani, na wewe utakufa. Esha hajui kusema uongo. Acha aape. Akiapa kwa hasira kila mtu atadhani ni yeye." Nikamkatiza. "Alisema Esha?" "Ndiyo, mama. Baba alikujua kwa jina hilo. Bi Mwanamisi alikuwa hakuiti vingine." Akaendelea, kwamba nilipouona mkono, Mama alimwambia sasa ndiyo atanizidishia, maana nimeshajua, na mtu aliyekasirika hapati nafasi ya kuogopa. Nikamwuliza, na siku ya kofi? Hodan akatazama chini. Baba yake alisema kwamba jioni ile Bi Mwanamisi aliingia stoo na chakula, akakaa chini juu ya makaa na nguo yake nyeupe, akalia mpaka chakula kikapoa. Akasema, "Esha amesema uongo kwa ajili ya mtu asiyekula naye. Na mimi nimempiga. Nimempiga kwa nguvu ili waamini." Basi.

Angeniambia. Ndivyo nilivyomjibu Hodan, kwa ukali, yeye asiyenikosea chochote. Angeniambia mimi, kambini, tulipolala mkeka mmoja, miaka yote ile. Akaniacha nimwoshe kwa macho makavu. Hodan alipoondoka niliwaambia wote wa nyumbani watoke wanipishe.

Hapa Mombasa nako kusi imeingia. Jioni ile, adhana ya magharibi ilipotoka, nilikwenda roshani, nikaiinamia ile ndoo nyekundu, nikachomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Kikatoka na tope. Zuhura alikwisha umwagilia kwa kufuata kikaratasi, na alikuwa amesimama mlangoni na kopo tupu, anangoja nimpigie kelele, maana kelele zangu anazijua. Nikamwambia ajaze kopo alete. "Bibi, si umesema ukiwa mbichi..." "Lete." Nikakunja mikono ya dira, nikataja jina la Mungu, nikatawadha juu ya mti ule, viganja, uso, mikono mpaka viwiko, maji yakaanguka yote shinani, kama yale ya Fundi Nuur, kwenye udongo ambao hauyahitaji. Najua yanavyofanya mizizi. Nimefundishwa na anayejua. Nikamwambia Zuhura aniletee na kopo la miguu.